Eneo la Wazi Lilikuwa Chini ya Mashine Yangu

Kwa ambaye hakulipata gazeti la wiki iliyopita, mambo yalikuwa hivi.

Mimi ni Klementina, mzaliwa wa Mollo, mjane, mama wa binti mmoja anayeitwa Jenifer. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika hapa Sumbawanga kwa miaka kumi na minne. Soko huria likaja, wafanyabiashara wakaanza kununua mahindi wenyewe kwa malori yao, ushirika ukazimika polepole, na sisi makarani tukapunguzwa kazini siku moja kwa barua za aina moja. Kiinua mgongo changu nikakigeuza mashine ya kusaga. Mashine nikaisimika Kitalu K, nje kidogo ya mji upande wa kwenda Pito, kwenye kiwanja nilichouziwa na Polikarp, ambaye baadaye alichaguliwa mwenyekiti wa mtaa wetu.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya mashine yangu, kuna uwanja. Ulikuwa wa kila mtu. Watoto walicheza mpira, akina mama tulianika ulezi, na maandamano ya Ekaristi yalipumzika hapo kila mwaka kabla ya kurudi kanisani.

Mwaka tisini na sita, mwezi wa sita, akatokea Nestory Luhende, Msukuma mwenye ng'ombe aliyekuwa akiishi bondeni, Milepa. Akamwaga mawe na matofali katikati ya uwanja ule, akaanza kuchimba msingi.

Watu walinung'unika. Mimi niliandika barua kwa ofisi ya ardhi ya mji. Niliandika kwamba mgeni amevamia eneo la wazi la wananchi, kwamba watoto watakosa pa kuchezea, kwamba ofisi isipochukua hatua wananchi watachukua. Mwisho sikuweka jina. Niliandika tu, "Ni sisi wakazi wa Kitalu K."

Wiki iliyopita niliwaficha jambo, na leo nalisema. Siyo watoto walionikosesha usingizi, wala siyo ulezi. Nilikuwa nimesikia kwamba Nestory anajenga mashine ya kusaga, kubwa kuliko yangu. Ndiyo sababu niliandika. Haikuwapo nyingine.

*

Siku ya tisa wakaja watu wawili wa halmashauri na kopo la rangi nyekundu. Wakaandika kwenye ukuta wa msingi wa Nestory: SIMAMISHA UJENZI. Wakamkabidhi karatasi, wakaondoka.

Nilikuwa mlangoni pa mashine, unga mpaka kwenye nyusi. Nilifurahi. Nitasema uongo wa nini? Nilifurahi hata mteja aliyekuwa mbele yangu nikamjazia pumba bila yeye kuomba.

Saa kumi alasiri Nestory akavuka barabara pamoja na mkewe, Edith. Edith alibeba kibuyu cha maziwa mgando. Nestory aliishika ile karatasi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

"Hodi, Mama Jenifer."

"Karibuni, Baba Yonas." Yonas ni mtoto wao mkubwa.

Akakaa kwenye gunia. Akaitazama mashine yangu, akaitazama karatasi.

"Mama, mimi sikusoma. Nilichunga. Mwenyekiti Polikarp ameniambia hii inataka jibu ndani ya siku saba, ila yeye hana nafasi. Watu wanasema mtaa mzima hakuna anayeandika kama wewe. Nisaidie."

Nikaipokea. Ofisi ilikuwa imenukuu maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. "Mgeni amevamia." Nikamsomea kwa sauti huyo anayeitwa mvamizi, na sauti yangu haikutetemeka. Ukarani ulinifunza hilo.

"Nani anaweza kuandika hivi?" Edith akauliza. "Tumemkosea nani?"

"Watu wana midomo," nikasema.

"Huu siyo mdomo, mama. Hii ni kalamu."

Nikajifanya natafuta karatasi. Kisha nikauliza lile lililokuwa likinichoma.

"Unajenga nini pale, Baba Yonas? Wanasema mashine ya kusaga."

Nestory akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Mashine? Mimi? Injini ikikohoa niipe dawa ya ng'ombe? Najenga nyumba ya vyumba vinne. Yonas na wadogo zake wasome mjini, wasiwe kama baba yao. Kusaga nitasaga kwako hapa, ng'ambo ya barabara tu. Ndiyo maana nilipapenda."

Kalamu ilikuwa mkononi. Hapo ndipo ningesema, na nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia. Sikusema. Niliandika.

Nilimwandikia barua nzuri kuliko ile ya kwanza. Alinipa na vielelezo: barua mbili za toleo, zile za kumilikishwa kiwanja, kutoka ofisi ya ardhi. Moja ni ya kiwanja cha makazi, pale uwanjani. Ya pili ni ya kiwanja cha biashara, pale kona, ambako Edith alitaka kufungua duka la maziwa. Kumbe uvumi wote wa mashine ulitokana na lile neno "biashara".

Nilizisoma mara mbili. Zilikuwa na mihuri yote, namba zote, saini zote. Mimi kwenye mashine yangu nilikuwa na karatasi moja tu yenye muhuri wa mtaa. Hata hivyo nikajipa moyo: uwanja ni uwanja, ofisi imekosea, watarekebisha.

Nestory akachovya dole gumba kwenye kidau changu cha wino, akaweka alama mwisho wa barua. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akuzidishie, mama."

Wakaniachia kibuyu. Yale maziwa sikuweza kuyagusa. Jenifer aliyanywa, akayasifu, na kila aliposifu nikamkaripia.

*

Baada ya wiki akaja afisa mipango miji mwenyewe. Jina lake Flavian, mwembamba, mwenye miwani, ndiyo kwanza ametoka chuo. Alikuja na vibarua wawili, futi ya kupimia ndefu, na mchoro mkubwa uliokunjwa kama mkeka. Mtaa mzima ukatoka nje kuangalia. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unakata masikio, hakuna aliyerudi ndani.

"Afisa, usihangaike," Polikarp akasema. "Eneo la wazi tunalijua. Ni hapa hapa tuliposimama."

"Mwenyekiti, ninyi mnalijua kwa macho. Mimi nalitafuta kwa vipimo."

Wakapima. Wakaandika. Wakapima tena. Flavian akautandaza mchoro chini, akauwekea mawe pembeni usipeperuke.

"Mchoro huu ni wa mwaka sabini na nane," akasema. "Hapa mliposimama ni viwanja vinane vya makazi. Bwana Luhende yuko ndani ya kiwanja chake. Hajazidi hata hatua moja."

Watu wakaguna. Bibi Dominika, mama mzee kuliko wote mtaani, akasogea mbele.

"Mwanangu, watoto wamecheza hapa miaka kumi na nane."

"Shikamoo, bibi. Wamecheza kwenye viwanja vya watu ambao hawajaja kujenga."

"Marahaba. Sasa hilo eneo lenu la wazi liko wapi?"

Flavian akageuza mchoro, akageuka nao, akanyoosha mkono ng'ambo ya barabara.

Kwangu.

Nilicheka. Kweli nilicheka. "Mwanangu, umeushika juu chini huo mchoro."

Flavian alivuka na vibarua wake mpaka lilipo rundo langu la pumba, nyuma ya mashine, akahesabu hatua, akasema, "Chimbeni hapa."

Wakafukua pumba. Wakachimba udongo. Jembe likagonga kitu kigumu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nikaona nilichokuwa nimekifukia mwenyewe bila kujua: jiwe la zege, katikati nondo, pembeni namba. Bikoni ya mpaka.

"Mama," Flavian akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi, "nyumba hii na mashine hii ziko katikati ya eneo la wazi. Na hata pangekuwa pa makazi, mashine ya kusaga haisimikwi kwenye makazi. Inataka kiwanja cha biashara."

"Niliuziwa!"

"Na nani?"

Macho yote yakamgeukia Polikarp. Polikarp alikuwa anatazama mawingu.

"Mimi ardhi sikuuza," akasema. "Ardhi ni mali ya umma, nitaiuzaje? Nilimuuzia miti. Asome karatasi yake."

Nikakimbilia ndani kuitoa. Karani wa miaka kumi na minne mimi, niliyekuwa nawakaripia wakulima kwa kutosoma stakabadhi zao. Iliandikwa: "Nimemuuzia Klementina miti mitano ya mikaratusi iliyopo eneo la Kitalu K." Miti. Nilikuwa nimeikata yote mitano nikaichomea matofali.

Nestory alikuwa amesimama kando. Watu wengine walikuwa wanacheka chinichini. Yeye alivua kofia.

"Pole sana, Mama Jenifer," akasema. "Huyo aliyeandika barua ametuumiza wote wawili."

*

Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa kwenye mlango wa ofisi ya ardhi. Flavian akaja saa tatu.

"Naomba kitu kimoja chepesi," nikamwambia. "Watu wanacheza ng'ambo. Hamishieni eneo la wazi ng'ambo."

"Ng'ambo kuna viwanja vinane vyenye wenyewe."

"Hao wenyewe hawajaonekana tangu mwaka sabini na nane!"

"Wana barua za toleo."

"Basi lipunguzeni hili la kwangu. Acheni mashine, mengine chukueni."

"Mchoro ulipitishwa na wizara, mama. Siwezi kuusogeza kwa rula."

"Nani anaweza?"

Akahesabu kwa vidole. Niandike maombi kwa mkurugenzi. Mkurugenzi apeleke kwenye kamati. Kamati ikae. Ikikubali, iende mkoani. Mkoa upeleke Dar es Salaam. Dar es Salaam wakikubali, watangaze kwanza ili anayepinga apinge.

"Itachukua muda gani?"

"Mama, mimi nina miezi minne tu kazini. Sijawahi kuona yakirudi."

Nikashika ukingo wa meza.

"Kwa nini hamkuniambia nilipokuwa najenga? Nilijenga mwaka mzima, kweupe!"

"Hukuomba kibali cha ujenzi."

"Kwa nini hakuna kibao pale kilichoandikwa eneo la wazi?"

"Fungu la fedha za vibao halikuletwa."

"Kwa hiyo mkazi wa kawaida angejuaje?"

"Mchoro uko wazi kwa kila mwananchi." Akanionyesha kabati la chuma pembeni. Lilikuwa na kufuli.

"Ufunguo uko wapi?"

"Anao mchoraji. Yuko Namanyere kikazi."

Nilitoka mle nikatembea mpaka sokoni kabla ya kukumbuka kwamba nyumbani ni upande mwingine. Sheria haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililonikera. Watoto wanahitaji uwanja, na mashine inapigia watu kelele. Kila nililoambiwa lilikuwa na maana. Ila liliniangukia mimi peke yangu, baada ya miaka mitatu, kwa sababu ya barua niliyoiandika kwa mkono wangu.

Ijumaa mchana Polikarp akapita mashineni. Hakukaa. Aliinama sikioni kwangu maana injini ilikuwa inanguruma.

"Kesho kuna mkutano shuleni. Yule afisa ataleta ile barua ya malalamiko. Haina jina. Lalamiko lisilo na mwenyewe linatupwa, nimeulizia. Tutalitupa, jalada lifungwe, wewe ubaki na mashine yako."

"Na wewe ubaki na pesa ya miti yako," nikasema.

Akatabasamu. "Wewe kaa kimya tu. Kazi yako ni hiyo."

Nikakubali. Wasomaji wangu, nilikubali haraka kuliko anavyokubali mwenye njaa akiambiwa anawe mikono.

*

Mkutano ulifanyika darasani, Jumamosi asubuhi. Watu walibanana kwenye madawati ya watoto, wengine wamesimama madirishani. Nestory na Edith walikaa nyuma kabisa. Mimi nilikaa mbele, karibu na Polikarp.

Flavian akasoma barua yangu yote. Kila neno. Nilitazama ubao.

"Utaratibu ni huu," akasema. "Lalamiko lazima liwe na mlalamikaji. Asipojitokeza, nafunga jalada na kila kitu kinabaki kama kilivyo."

"Funga," Polikarp akasema. "Barua ya uchochezi hiyo."

"Funga, funga," sauti zikaitikia.

Bibi Dominika akainuka kwa kushikilia bega la aliyekaa mbele yake.

"Subirini. Kule ng'ambo nyumba nane zitajengwa, siyo? Wenye nafasi wameanza kununua, nawaona. Uwanja tuliouzoea unakwisha. Na huu mwingine wa kweli tukiufunga leo, wajukuu watacheza wapi? Barabarani kwenye malori? Klementina mwanangu, nakupenda, unanisagia vizuri. Lakini nauliza."

Mimi nilikuwa na jibu, nikalimeza.

Flavian akafungua jalada ili alifunge. Akasita. Akatoa karatasi nyingine, akaiweka kando ya ile ya kwanza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ajabu," akasema. "Hii ni barua ya malalamiko. Hii ni barua ya utetezi ya Bwana Luhende. Mwandiko ni mmoja."

Polikarp akazinyakua. Akazitazama. Nikaona uso wake ukinawiri, kama aliyeokota kitu njiani.

"Mmeona wenyewe?" akapaza sauti. "Alijilalamikia mwenyewe! Alijua kiwanja chake ni safi, akawaita wapimaji kwa hila ili wamkute mjane wa watu! Wamekuja na ng'ombe wao, wamejaza bonde, sasa wanatuchomoa mjini mmoja mmoja!"

Darasa likalipuka. Mtu akapiga teke dawati. Wengine wakasimama, wakageukia nyuma. Edith akamshika mumewe mkono. Kuna mwanamume mmoja dirishani, mteja wangu wa kila wiki, mtu mpole, nilimsikia akisema, "Atolewe nje tumwonyeshe."

Nestory akasimama. Hakupandisha sauti.

"Mimi sijui kuandika. Barua ya utetezi niliandikiwa."

"Na nani?" Flavian akauliza.

Nestory akafungua mdomo. Kisha nikaona anafikiri. Alihesabu taratibu, kama anayehesabu mifugo jioni: nani alimwandikia, mwandiko ni mmoja, basi nani... Macho yake yakanitafuta juu ya vichwa vya watu wote wale. Yakanipata.

Akafunga mdomo. Hakunitaja.

Angenitaja, labda ningekana. Ninajijua. Ningesema anasingizia, na darasa lote lingenisadiki mimi, mzaliwa wa hapa, siyo yeye. Lakini alisimama pale, matusi yanamwangukia, na hakunitaja.

Nikainuka.

"Ni mimi," nikasema.

Hawakusikia. Nikapiga kiganja kwenye dawati.

"Ni mimi Klementina! Ya kwanza niliandika mimi, na ya pili nikamwandikia mimi. Huyu baba hana kosa. Nilisikia anajenga mashine, nikaogopa. Haya, mmesikia."

Polikarp alininong'oneza neno ambalo gazeti hili halitachapisha.

Nestory ndiye aliyezungumza kwanza. "Siku ile nilipokuja kwako na kibuyu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakushika mkono."

"Ulinishika."

Akavaa kofia, akatoka. Edith akapita mbele yangu, akasimama kidogo. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepumua.

"Kibuyu changu," akasema, "nakihitaji."

Flavian, maskini, hakuwa na la kufanya ila kuandika. Lalamiko sasa lilikuwa na mwenyewe. Akanisomea mbele ya watu: siku thelathini kubomoa na kuhama.

"Nihamie wapi na mashine?" nikauliza.

"Kiwanja cha biashara. Kwenye mchoro, Kitalu K kizima kina kimoja tu." Akasita, naye pia hakutaka kulisema. "Kile cha kona. Cha Bwana Luhende."

Kuna mtu alicheka. Kisha wakacheka wengi.

*

Jumatatu asubuhi nilikiosha kibuyu, nikakikausha, nikaenda nacho mpaka chumba walichopanga mjini kina Nestory wakati wakijenga. Sikwenda kuomba kiwanja. Nilikwenda kuomba radhi bila watu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njiani, na nusu yake ilikuwa kweli.

Edith alikuwa anachambua mboga mlangoni. Akapokea kibuyu, akakinusa, akakiweka chini.

"Baba Yonas hayupo," akasema. "Amekwenda ofisi ya ardhi na mwenyekiti."

"Polikarp? Yule aliyetaka mpigwe juzi?"

"Alikuja jana kuomba radhi. Alisema alidanganyika kwa sababu yako. Leo akaja na karatasi ya kuvilinda viwanja vyetu, asije akatokea mwingine wa kutuandikia barua."

"Umeiona hiyo karatasi?"

"Nimeiona."

"Imeandikwaje?"

Edith akainua macho. "Mama Jenifer, unaniuliza mimi? Zamani tungeileta kwako."

Sikuaga. Nilikunja kanga nikakimbia, mwanamke wa miaka arobaini na sita, katikati ya barabara ya mjini, wateja wangu wakiniita kutoka pande zote mbili. Nilipofika ofisi ya ardhi pumzi ilikuwa imekatika.

Walikuwa kwenye benchi la nje, wanasubiri kuitwa. Polikarp alikuwa ameilaza karatasi juu ya ubao mapajani, anamsomea Nestory huku anafuatisha mistari kwa kidole, kama mwalimu mwema.

"...naomba nilindwe katika viwanja vyangu vyote viwili. Umesikia? Sasa weka dole hapa."

Nilikuwa nyuma yao. Karatasi niliiona kwa juu, na ukarani wangu ukasoma kabla sijataka. Hakukuwa na neno "nilindwe". Kichwa cha barua kilikuwa kimepigwa mstari: YAH: KUKIACHIA KIWANJA CHA BIASHARA. Chini yake niliona jina la anayeachiwa. Polikarp.

"Baba Yonas, usiweke!" nikapiga kelele. "Hayo siyo yaliyoandikwa! Anakunyang'anya kiwanja cha kona!"

Nestory akageuka. Dole gumba lake lilikuwa limeshachovywa, jeusi, linang'aa.

Polikarp hakushtuka hata kidogo. Alinitazama kwa huruma.

"Si nilikwambia atakuja?" akamwambia Nestory. "Mashine yake inavunjwa. Kiwanja cha biashara kiko kimoja. Mwulize anakitaka nani."

"Acha nikusomee mimi, niachie niisome!" nikasema. "Au mwite afisa!"

"Afisa yuko kikaoni," Polikarp akasema.

Nestory akaitazama karatasi muda mrefu, kama ng'ombe anavyotazama mto asioujua kina. Akanitazama mimi. Akamtazama Polikarp. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma kuliko chochote tangu siku niliyoandika ile barua.

"Mmoja wenu anadanganya," akasema. "Na wote wawili mnajua kusoma."

Kisha mkono wake, wenye wino, ukaanza kushuka. (Itaendelea wiki ijayo.)